Injini Changa na Mgeni Rasmi

Siku ya kwanza kazini nilivaa suti. Ilikuwa ya baba mdogo, mabega yake yananifika karibu na viwiko, lakini nilishasikia kwamba kazi ni ya serikali, na kwa akili yangu ya darasa la sita, tena la sita lenyewe sikulimaliza, nilijua mtu wa serikali anavaa suti. Nikaingia karakana pale Dodoma mjini, nikasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuposa. Fundi Mkuu alikuwa chini ya lori, inaonekana miguu tu. Akajivuta akatoka, akanitazama kuanzia viatu kupanda juu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Bibi harusi umemwacha wapi?"

Karakana nzima ikacheka. Akanipa debe la dizeli na rundo la nati zenye grisi, akasema nizioshe moja moja mpaka ziwe zinang'aa. Jioni baba mdogo alipoiona suti yake, hakuongea na mimi mpaka mavuno.

Nawaambia haya nyinyi vijana wa gereji za sasa ili mjue nilikotoka, maana leo nina povu la kutoa na sitaki mseme mzee huyu anaongea hewani. Nimefungua injini nyingi, nyingine nikazifunga vizuri. Lakini kitu kimoja kimenikera maisha yangu yote, na nimestaafu kinanikera bado: namna watu wetu wanavyoipokea injini mpya. Wanaiua huku wanaishangilia.

Fundi Mkuu alikuwa Mgogo wa Zuzu, mfupi, kichwani kofia ya sufu hata jua la saa nane. Yeye ndiye aliyenifundisha habari ya injini changa. Aliishika ringi mkononi, kile kikuku cha chuma kinachovaliwa na pistoni, akaniuliza, "Hii kazi yake nini?"

"Kuzuia oili isipande juu, mzee."

"Itazuiaje na haijajuana na ukuta wa silinda? Chuma na chuma ni kama wake wenza. Lazima wasuguane kwanza, lakini wasiuane."

Basi akanieleza. Injini ikishachongwa silinda na kuvalishwa ringi mpya, inatakiwa ifanye kazi kidogo kidogo. Unaibebesha mzigo mwepesi, unakanyaga mafuta kiasi, unaachia. Barabara ya kupanda na kushuka ndiyo nzuri. Ukikanyaga mpaka mwisho, inapata joto kali na kukwaruzika. Na ukiiacha inanguruma tu imesimama, nalo ni kosa, ingawa wengi wanadhani ndiyo kuilea. Ikinguruma bila kazi, ringi hazisukumwi vya kutosha kukaza kwenye ukuta, ukuta unabaki laini kama kioo, oili inapita, na kuanzia hapo gari lako linatoa moshi wa bluu kama jiko la kuni mbichi. Halitibiki hilo mpaka ufungue upya.

"Bebesha kidogo, punguza," alikuwa akisema. "Bebesha kidogo, punguza." Hata chai alikunywa hivyo hivyo.

Baadaye nilihamishiwa Kondoa. Meneja wa Karakana wa kule, Mrangi mmoja mswalihina, alikuwa akikukuta unagusa nozeli za kupulizia dizeli na mikono michafu anakushika kiwiko mpaka bombani, unanawa kama unatawadha ndipo unarudi. Kisha nikapelekwa Mtera, kwenye mitambo ya ujenzi, chini ya Mhandisi wa Mitambo. Huyo alikuwa msomi kweli kweli, na alikuwa anaweka bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, anasikiliza beringi kama daktari anavyosikiliza kifua. Nilijaribu na mimi siku ya kwanza, nikaweka ncha sikioni. Naona mnacheka. Mhandisi naye alicheka, kisha akanigeuzia bisibisi taratibu bila kuniita mjinga. Mabosi wa namna hiyo sijui wameishia wapi.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa kituo cha afya, njia ya kwenda Mtera. Pale palikuwa na Landrova moja ya zamani, gari la wagonjwa, na lilikuwa moja tu. Mama akishikwa na uchungu kijijini na mtoto amekaa vibaya, ni hiyo Landrova impeleke mjini au ni mkokoteni wa ng'ombe. Na mkokoteni haufiki. Nimewaona ambao haukuwafikisha, kwa hiyo msiniambie nilikasirikia chuma.

Injini ya zamani iliuawa na maji. Maji ya visima vyetu nyinyi mnayajua, angalieni birika lenu la chai ndani, ule ukoko mweupe. Sasa madereva waliopita walikuwa wakijaza maji hayo kwenye rejeta miaka yote. Ukoko ukaziba mifereji, injini ikachemka, silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya injini, ikapinda, habari ikaishia hapo. Wafadhili wakasikia kilio, wakaleta injini ndani ya sanduku la mbao. Haikuwa mpya, wala haikuwa mtumba. Ilikuwa ya zamani iliyofunguliwa yote kiwandani, ikachongwa, ikawekewa pistoni, ringi na beringi mpya, ikafungwa upya. Mimi nikaiita injini iliyookoka. Na walisema wazi kwamba nyingine haitakuja.

Katibu wa kituo, mtu wa mashati ya kunyooshwa, akaja kunisimamia.

"Fundi Masinga, injini imefika tangu jana, mbona bado unahangaika na rejeta?"

"Ndiyo iliyoua ya kwanza, Katibu. Nikiiacha hivi itaua na hii."

"Lakini injini si mpya?"

"Mpya. Na wewe ukinunua shati jipya, unaoga kwanza au huogi?"

Akaondoka amenuna. Nikaizibua rejeta mpaka mifereji ikapumua, nikaosha mabomba yote, nikamwambia Ndahani, dereva wetu, kuanzia siku ile Landrova inakunywa maji ya mvua tu, yale ya tangi la bati. Ndahani ni kijana mwenye mke na watoto, maneno machache, akaitikia, "Sawa, mzee," na akatekeleza. Tukaishusha injini kwa winchi ya mnyororo, tukaikalisha kwenye gia boksi, tukafunga. Nikatia oili.

Sasa sikilizeni hapa. Landrova ile ilikuwa na kifundo cheusi katikati ya dashibodi. Ukikivuta, dizeli inakatwa na injini inazima. Ndivyo ilivyokuwa inazimwa. Kabla ya kuiwasha mara ya kwanza nilikivuta kifundo nikakishikilia, Ndahani akapiga stata, injini ikazunguka bila kuwaka, oili ikapanda kila mahali, taa ya oili ikazimika. Ndipo nikakiachia. Ikawaka mara moja, sauti nyororo. Ndahani akapiga makofi. Mimi nilisema nimeingiwa na vumbi machoni.

Tulitakiwa tuanze kuizoesha kesho yake. Bebesha kidogo, punguza. Lakini Katibu akatangaza uzinduzi.

Uzinduzi wa injini! Nchi hii tunazindua kisima, tunazindua choo, sawa, lakini injini iko ndani ya boneti, utaizinduaje? Wakaleta turubai, viti vya plastiki, spika, kwaya ya akina mama, na utepe ukafungwa mbele ya gari kama gari linataka kukimbia. Mgeni rasmi anatoka mjini. Asubuhi hiyo nafika, nakuta Landrova inanguruma mbele ya turubai, haina mtu ndani.

"Nani amewasha?"

"Mimi," Katibu akasema. "Mgeni rasmi akifika aikute inanguruma. Itapendeza."

"Anafika saa ngapi?"

"Yuko njiani."

Mgeni rasmi akiwa njiani, nyinyi mnajua maana yake. Nikaenda nikakivuta kile kifundo, kimya kikaingia, nikachomoa ufunguo nikautia kwenye soksi.

"Fundi, nipe huo ufunguo."

"Uchukue mwenyewe, Katibu. Ila soksi hizi nimezivaa tangu juzi."

Akina mama wa kwaya wakaangua kicheko. Katibu akaninyooshea kidole. "Unataka kuniaibisha mbele ya mheshimiwa. Tutaongea."

Mheshimiwa alifika jua likiwa utosini. Hotuba, nyimbo, soda. Utepe ukakatwa. Nikamtolea Katibu ufunguo, nikajua yamekwisha. Hayakwisha. Mgeni rasmi akashika kipaza sauti akasema wananchi wanataka kuiona nguvu ya injini, kwa hiyo ataiendesha mwenyewe mpaka juu ya kile kilima cha mnara na kurudi. Na kwaya ipande nyuma, iimbe. Wakapanda na ngoma zao. Ndahani akabanwa mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje.

Nikaingia mbele, upande wa abiria, kabla hajanikaribisha mtu.

"Shikamoo, mheshimiwa." Alikuwa mdogo kwangu, lakini siku hiyo ningemwamkia hata mbuzi. "Naomba twende polepole. Injini hii bado changa."

"Mzee, changa ndiyo ina nguvu. Wewe tulia, ufurahie."

Akakanyaga. Mama yangu! Akaikanyaga mpaka chini kabisa, gia ya kwanza, injini ikapiga yowe ambalo nalisikia mpaka leo. Nikaona ringi zangu. Nikawaona wale wa mkokoteni. Na mkono wangu, ambao nilikuwa nimeushikiza dashibodi kwa sababu ya mashimo, ukakivuta kifundo.

Landrova ikazima. Kwaya ikaendelea kuimba.

"Imekuwaje?"

"Klachi, mheshimiwa. Magari ya zamani yana wivu. Uiachie kwa upole."

Akawasha, akaenda kwa upole mpaka mwanzo wa kilima. Pale akakumbuka cheo chake, akakanyaga tena. Nikavuta. Safari hii tulianza kurudi nyuma, ngoma moja ikadondoka, akina mama wakaacha wimbo wakaanza sala. Jasho linamtoka mgeni rasmi kwenye kola. Akajaribu mara nyingine, kwa hasira kabisa, nami nikavuta kwa hasira kabisa. Akashuka. Kwaya ikashuka. Tukaligeuza gari kwa kulisukuma, vilemba vyote vimekaa upande, tukarudi turubaini tukiteremka mdogo mdogo, kijiji kizima kinatazama.

Mgeni rasmi akachukua kipaza sauti, akajifuta uso, akasema, "Ndugu wananchi, gari mmepata. Sasa tafuteni fundi."

Walicheka mpaka wakashika viti. Mimi nimesimama hapo hapo, na ovaroli yenye jina langu kifuani. Kazi ya maisha yangu yote, kuanzia ile suti, ikawa kichekesho cha mtu ambaye hata boneti hajui inafunguliwa wapi. Hata angeniuliza tu! Hata angesema, kwa nini fundi anasema polepole? Hakuna aliyeuliza. Hilo ndilo linaloniumiza, wala si kicheko. Kicheko mimi ni mtani, nimezoea.

Wiki ile ile Katibu akaniambia umri wangu unaruhusu kupumzika. Nikakabidhi spana. Mlangoni mwa Landrova wakabandika kibao chenye jina la mgeni rasmi, kwamba ndiye aliyezindua. Mimi nikarudi nyumbani Zuzu na jina jipya. Watoto wakinikuta njiani: "Shikamoo, babu Tafuteni-Fundi." Naitikia marahaba, nifanyeje.

Lakini Ndahani alikuwa amesimama pale mlangoni mwa gari, na macho anayo, aliuona mkono wangu kwenye kifundo. Hakusema neno kwa mtu yeyote. Alilichukua lile gari akalizoesha kama nilivyomwelekeza, bebesha kidogo, punguza, kupanda na kushuka njia ya Mtera, na alimwaga oili ya kwanza mapema, maana inakuwa na ungaunga wa chuma. Akija mjini alikuwa akipita kwangu kunieleza. "Moshi hakuna, mzee." Anakunywa maji, anaondoka.

Sasa nimestaafu, nina muda wa kukasirika vizuri. Nikipita magereji ya mjini naona mnavyofunga injini. Rejeta hamuoshi. Mnawasha, mnakanyaga mpaka majirani wanatoka nje, mwenye gari anatabasamu, mnapigana picha. Au mnaiacha inanguruma kutwa, mnasema inajizoesha yenyewe. Inajizoeshaje? Na mwenye gari akirudi na moshi wa bluu mnamwambia injini ilikuwa mbovu tangu kiwandani. Tunajua sana kukata utepe. Kumwaga oili hatujui.

Mwezi uliopita mke wa mwanangu alikuwa kwao, kule kijijini kwenye kituo changu cha zamani, na mimi nimekwenda kusalimia. Mchana akashikwa na uchungu. Mkunga akamtazama, akasema huyu ni wa mjini, haraka. Landrova ikaletwa. Kibao cha mheshimiwa kimefutika nusu kwa vumbi. Wakamlaza nyuma na mama yake, mimi nikapanda mbele, Ndahani akawasha. Mara moja tu, ikawaka.

Tulipofika kilima cha mnara, Ndahani akakanyaga. Akakanyaga mpaka chini. Injini ikaitikia kwa sauti nzito, iliyokomaa, ikapanda bila kusita, na mimi natazama kioo cha pembeni kuona moshi. Hakuna. Lakini mkono nao una mazoea yake. Sijui ulifikaje, nikauona uko kwenye kifundo cheusi.

Ndahani akauchapa, pa!

"Toa mkono hapo, mzee! Imeshakua hii."

Nikautoa. Nikaukalia. Na mjukuu wangu akazaliwa mjini, kwenye kitanda cha hospitali.