Nyota Aliachwa Huru

Hadassa anatunza wazee katika nyumba moja ya Woluwe, mjini Brussels. Huwaogesha, huwalisha, huwasikiliza. Alidhani hakuna neno la mzee linaloweza kumtikisa, mpaka baba yake, Bienaimé, alipofariki na kuacha nyumba Uvira, Kongo.

Baada ya matanga, ukoo ulikutana mtaa wa Saint-Gilles kwa tonton Donat, binamu wa marehemu. Donat hakuzunguka.

"Bon, mutoto yangu, tusidanganyane. Ile nyumba iko mu kiwanja ya ukoo, na nyinyi hamuwezi kuriti. Nyota, nyanya ya papa yako, babu yetu alimununuaka, akazaa naye. Alikufa mutumwa."

Uso ulimwaka Hadassa. Tangu utotoni alisikia minong'ono kuhusu "watu wa kununuliwa", asijue kuwa wanaosemwa ni wao. Alichukua koti akaondoka bila kuaga.

Siku chache baadaye alimpigia simu maman Thérèse aliyeishi mji wa Liège, binamu mkubwa wa baba yake, ambaye hakuna aliyemzidi umri katika ukoo. Thérèse alimsikiliza hadi mwisho.

"Ninakuja," alisema.

Hadassa alimpokea kwenye kituo cha treni cha Gare du Midi, wakaenda moja kwa moja kwa Donat. Thérèse alikataa hata chai.

"Ni kweli, Nyota alinunuliwaka," alianza. "Lakini babu alipogonjwa, aliita watu, akamuacha huru mbele yao. Alipokufa, watoto ya mke mukubwa wakakana, sababu walitaka shamba ya Nyota. Papa yangu peke yake njo alikataa kukana. Alienda kwa chef ya kijiji, akasema: nilisikia na masikio yangu. Chef akamupatia Nyota haki."

"Na papa yangu?" Donat aliuliza.

"Alikuwa kati ya wale walikana."

Donat alikaa kitako, mikono magotini. "Mimi, aliniambiaka tu: Nyota hakuachwaka huru."

"Tonton," Hadassa alisema, "na kama hangeachwa huru, mimi leo ningekuwa mutumwa wa nani?"

Donat aliinuka akamwendea. "Wa mutu yeyote, hapana. Unisamehe, mutoto yangu. Nyumba ni yenu. Nitaambia wengine mimi mwenyewe."

Hadassa alilia, na kilio kikageuka kicheko alichoshindwa kukizuia. Maman Thérèse naye akacheka, kisha akaomba ile chai. Jioni hiyo Hadassa alimketisha binti yake, Shekinah, akamsimulia habari za Nyota, kuanzia siku aliyonunuliwa, bila kunong'ona.