Vali ya Mikono Miwili

Fundi Upepo, kama walivyomwita kiwandani, alikuwa amechoshwa na kazi ya kukata mpira. Kila asubuhi aliikuta mashine ya kubana vifuniko vya makopo ya rangi imefungwa kipande cha mpira wa baiskeli kwenye kitufe cha kushoto. Na kila asubuhi aliyekaa mbele ya mashine hiyo ni wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke asiyeambilika.

"Wifi, una vidole vya akiba nyumbani?"

"Nina kazi, wifi. Niache."

Mashine yenyewe haikuwa na makuu. Kitufe huku, kitufe kule, kila kimoja na vali yake ndogo, yaani kilango cha hewa, na vali ya tatu ikiviunganisha. Mpaka zile ndogo mbili zifunguke ndipo hewa ya kompresa ipite kuisukuma vali kubwa, nayo iishushe pistoni. Mikono miwili ikiwa kwenye vitufe, hakuna kidole cha kubanwa. Ukifunga kimoja kwa mpira kikae kimebonyea, hewa inapita vilevile, kumbe mkono uko chini ya pistoni unapanga vifuniko! Alishaeleza hayo hadi koo likamkauka, akaambulia kuchekwa.

Siku alipomkuta wifi na plasta kwenye kidole gumba, alifura. Aling'oa vali iliyounganisha vitufe vile, akafunga ya aina nyingine, inayotaka vibonyezwe kwa mpigo mmoja na viachiwe vyote kabla ya kopo linalofuata. Ukiweka mpira, haitoi hewa hata chembe.

Makopo yakapungua. Wifi akanuna, hata salamu akaimeza. Siku ya tatu mkuu wa zamu akaja amevimba.

"Rudisha ile ya zamani, sasa hivi!"

Uzalendo ukamshinda Fundi Upepo. "Narudisha, bosi. Vali hii hapa, mpira huu hapa. Ila kopo la kwanza utabana wewe. Mkono wa kulia kwenye kitufe, wa kushoto humu ndani, palepale anapouweka wifi yangu."

Wote wakaacha kazi, wakatazama. Bosi aliinama, akaichungulia pistoni. Akainuka, akatia mikono mfukoni, akaondoka bila kuaga.

Wifi alimsindikiza kwa macho mpaka mlangoni.

"Kumbe mikono ya kwake anaionea uchungu," alisema.