Kanga Niliyoitundika Kubrusi

Kharubu hainukii vizuri, tusidanganyane. Inanuka kama samli iliyosahauliwa kabatini, ila ndani yake mna utamu umejificha. Mjukuu wangu Shadya alirudi nayo juzi kutoka matembezini Kubrusi, kile kisiwa cha Wagiriki na Waturuki, yeye na mumewe, mfuko mzima wa maganda meusi yaliyopindapinda, akanimwagia mapajani hapa nyumbani Azaiba, Maskati. "Onja, Bibi, chakleti ya Kubrusi hii." Nkavunja moja, nkainusa, nkabaki nimeishika puani, macho nimeyafumba. Mtoto akadhani sukari imeshuka, mbio kuleta sharbati.

"Mie nishafika huko," nkamwambia. "Nlikuwa na miaka minane."

"Bibi nawe! Wewe na Kubrusi wapi na wapi?" Akacheka, akachukua funguo za gari, anakwenda Ghubra kumtoa mwanawe skuli. Basi nisikilizeni nyie.

Mama yangu, Zuwena binti Hamed, aliachwa na Baba nkiwa bado mdogo. Babu Hamed akamchukua mwanawe, akarudi naye kwao Sidab, huku huku Maskati, na mie nkabaki Unguja kwa Baba. Siku ya kuondoka Mama alitoa doti yake mpya ya kanga, nyekundu yenye korosho nyeusi, akaikata katikati. Upande mmoja akautia sandukuni mwake, wa pili akanifunga mie kiunoni. Tangu siku hiyo jina lake halikutajwa tena mbele ya Baba. Ndivyo tulivyokuwa, mwanamke akishaachwa hatajwi, utadhani hakupata kukaa nyumba ile.

Nkawa naokoteza maneno kwa jirani yetu Bi Salma, anapokuwa amekaa barazani kwake anachambua mchele. "Mama yako yuko Omani," ananiambia kwa sauti ndogo. "Milima huko inaingia mpaka ndani ya bahari. Nyumba nyeupe, mbuzi wanapanda majabali, na wanawake wamejitanda nyeusi." Hiyo ndiyo Omani nliyokuwa nayo kichwani. Ukiniamsha usingizini nnakuchorea.

Halafu kaka yake Baba, Ami Nassor, akaugua kifua. Daktari akamwambia akakae Kubrusi, kwenye milima ya pwani, hewa yake kavu. Baba akawa wa kumsindikiza, na mie nkachukuliwa maana hapakuwa na wa kuniachia. Hiyo Kubrusi nliisikia ikitajwa, lakini nkadhani ni mtaa, kama Malindi au Vuga za Unguja. Tukapanda meli, nkatapika mpaka nkachoka kutapika. Asubuhi moja nkashika chuma cha pembeni, nkainua macho. Jamani! Milima imeingia baharini. Nyumba nyeupe. Mbuzi juu ya majabali, wadogo kama siafu. Nkasema moyoni, tumefika kwa Mama.

Baba sikumuuliza. Ningemuulizaje?

Tulipanga vyumba viwili kwa bibi mmoja mjane, jina lake Despina. Nguo nyeusi tangu kichwani mpaka miguuni, na mtandio mweusi. Nkamwona ni kama mashangazi zangu tu, nkamwamkia, "Shikamoo." Akanipapasa shavu, akasema maneno mengi, sikupata hata moja. Hilo halikunishughulisha, nlikuwa nshaambiwa Omani wanasema Kiarabu kitupu, na Kiarabu changu mie kilikuwa cha msahafuni tu. Kilichonichanganya ni Baba. Baba nliyekuwa nkimsikia akiwapigia kelele za Kiarabu wachuuzi wa halua, akitaka maji kwa Bi Despina anaonesha kwa vidole. Nkadhani kakisahau melini.

Na mambo mengine hayakukaa sawa. Mitende nliitafuta, sikuiona. Kengele kubwa ililia alfajiri, nkatoka mbio na nguo zangu kuukuu nkidhani nimechelewa skuli, wakatoka bibi wengine wa nguo nyeusi, nao hawendi skuli. Nyuma ya nyumba ya jirani palikuwa na mnyama mnene, mfupi, hana manyoya, anakoroma kama Ami Nassor. Nkamwonesha Baba. Akanivuta mkono haraka, akasoma audhubillahi. Nkasema labda ni jini wa hapa hapa Omani.

Mbele ya nyumba palikuwa na mti wa kharubu. Kila asubuhi nlikuwa nkivaa kanzu yangu ya Idi, natoa ile kanga yangu, naitundika kwenye tawi linaloelekea njiani. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: Mama nna uhakika anayo ya pili, akipita akiiona atajua tu mwanawe yuko hapa. Nnakaa chini yake nnatafuna kharubu alizonipa Bi Despina. Kila mwanamke wa nguo nyeusi akitokea kwenye kona ya mlima nnasimama. Akikaribia, siye. Nnakaa.

Jioni Baba akitoka kwa Ami, anaishusha ile kanga, anaikunja, ananiwekea kwenye mto. Haniulizi ya nini.

Wakafika wavunaji, wakaipiga miti kwa fimbo ndefu, kharubu zikamwagika, kijiji kizima kikanuka kama huu mfuko wa Shadya. Ami Nassor akapata nafuu. Siku ya kuondoka nkaifunga kanga kwenye lile tawi, fundo mbili, nkaiacha. Melini Baba alipekua mzigo.

"Kanga yako iko wapi?"

"Nimeiacha."

Akanitazama kidogo, akaufunga mzigo. Mie nkaiangalia ile milima inarudi nyuma, na moyo wangu ukawa mgumu kama kokwa. Nlikuja mpaka kwao, nkavaa vizuri, nkakaa njiani, na Mama hakutaka kuja. Nlikua nalo hilo. Salamu zake zikiletwa Unguja na wasafiri, nasema alhamdulillahi, naingia ndani.

Nlikuja Omani mke wa mtu, na watoto wawili, Baba keshatangulia mbele ya haki. Mume wangu Khamis akanilazimisha twende Sidab. Gari ikazunguka jabali, nkaona milima imeingia baharini, nkasema ndipo pale pale. Mama alikuwa mlangoni, mfupi kuliko nlivyomweka kichwani. Nkambusu mkono kama unavyobusu mkono wa mtu wa mbali. Akaliona hilo. Akaingia ndani akatoka na upande wake wa kanga, umepauka, ule ule wa korosho.

"Mwenzake uko wapi, mwanangu?"

"Nlikuachia mwenyewe kwenye mti. Hukuja kuuchukua."

"Mti gani?"

"Wa kharubu. Pale kwa Bi Despina."

"Bi nani?"

Nkawa mkali. Nkamwambia usinifanye mtoto, nlikaa hapa msimu mzima, kila siku kengele inalia, na lile linyama linakoroma nyuma ya nyumba, mnene, hana manyoya.

Khamis kikombe cha kahawa kikamponyoka. Mama akaniangalia, akaangalia mlima wake, akaniangalia tena. "Zahra," akasema polepole, "nguruwe? Sidab? Kengele, na msikiti huu hapa?" Akaanza kucheka, anajifuta macho kwa ile kanga, hata sikujua anacheka au analia. "Ewe mtoto, kumbe miaka yote umeninunia kwa nchi ya watu!"

Mie sikucheka mara moja. Kichwa kilikuwa kinazunguka, kama mtu aliyeamshwa akakuta kitanda kimegeuzwa upande. Ilinibidi niitoe ile milima mmoja mmoja niirudishe kwa wenyewe, Kubrusi.

Nkamhadithia yote. Kanzu ya Idi, tawi, wanawake wa nguo nyeusi. Nlipofika kwa Baba nkasita, maana desturi ilikuwa bado imo ulimini mwangu. Mama akasema, "Sema."

"Jioni alikuwa akiishusha, akiikunja."

"Akiikunja vipi?"

Sikujua kumweleza. Mama akaitandaza ile kanga yake mapajani, akazikutanisha pindo, akaikunja mara tatu kwa urefu, halafu akaizungusha kutoka ncha moja ikawa bunda dogo, ncha ya pili akaichomeka ndani.

"Hivi?"

"Hivyo hivyo."

Akakaa nayo mkononi. "Huku kukunja ni kwangu mie," akasema. "Siku zote baba yako akinicheka, ati nakunja kanga kama mtu anayefunga sambusa."

Baba hakulitaja jina lake mpaka anaingia kaburini. Mie, mtoto wa miaka minane, nilikuwa nkikodolea macho kona ya mlima, nkimngoja Mama, na kila jioni nyuma yangu mtu alikuwa akimkumbuka kwa vidole.