Vibao vya Jirani

Ipo asubuhi moja ya Januari, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyovaa joho nikapokea diploma yangu, na wewe unajua ninavyoipenda ile diploma. Nilikuwa Kenmore, kaskazini mwa Buffalo, nyumbani kwa mwanamke wa Kijerumani aliyeitwa Annelore. Theluji ilikuwa imepanda hadi kwenye kitasa cha mlango. Nilishika beleshi nikawa ninafungua njia kutoka barazani hadi barabarani, na moyoni nilikuwa nimeshahama Buffalo. Kilichobaki ni kumwambia tu.

Kwa vijana wasionifahamu, mimi ndiye mwenye vyumba vya baridi pale Rumonge, mji wa kwetu sisi Warundi, jirani na soko. Nyama unayoikuta sokoni Ijumaa ikiwa bado nyekundu imelala kwangu. Umeme ukikatika, chanjo za watoto zinaletwa kwangu. Hakuna aliyenirithisha hata bisibisi. Nilikulia kambini mkoani Kigoma, nikaenda Amerika kwa ndege ya wakimbizi nikiwa sijawahi kufungua mlango wa jokofu, nikarudi nikiwa na uwezo wa kulifumua jokofu lolote hadi kompresa yake, kisha kulifunga likaanza kunguruma. Sisemi haya kwa majivuno. Basi, iwe kwa majivuno kidogo, nimeyatolea jasho.

Nirudi kwa Annelore. Alikuwa amepasuliwa magoti yote mawili, na kampuni ya kutunza wagonjwa ikanituma kwake kila asubuhi. Jioni nilikuwa mwanafunzi wa ufundi wa majokofu. Kwake nilimsaidia kuinuka, nikamsimamia mazoezi ya miguu, nikampikia uji wa shayiri na kuondoa theluji. Hakuwa mtu wa kuonewa huruma. Siku ya kwanza nilipomwambia, "Pole sana, mama," alinikazia macho.

"Pole ya nini? Magoti yamefanya kazi yake yakamaliza. Lete hiyo fimbo."

Sebuleni kwake, juu ya tanuri la kuni, ilining'inia bunduki. Nilipoiona nilirudi kinyumenyume hadi mlangoni. Mimi bunduki nilikuwa nimezijua kwa upande wa mdomo wake tu. Annelore akacheka hadi akashika mbavu.

"Rudi, rudi. Hiyo haijaua hata sungura. Imeua vibao tu."

Ndivyo nilivyojua kwamba mwanamke ninayempikia uji alikuwa bingwa. Mchezo wake unaitwa biathloni. Unavaa mbao nyembamba miguuni, zile wanazoita skii, unakimbia juu ya theluji milimani na bunduki mgongoni. Moyo ukishafika kooni, unaingia uwanja wa shabaha, unasimama au unalala kifudifudi, na unatakiwa kupiga vibao vitano vidogo vilivyo mbali. Kila kibao unachokosa, unapelekwa kwenye kizingo cha adhabu, unazunguka peke yako huku wenzako wanasonga mbele. Nilimuuliza nani aliyebuni mateso hayo. Alisema ni askari, kisha wanawake wakaja kuyafanya vizuri zaidi.

Baba yake alikuwa mlinzi wa misitu kusini mwa Ujerumani. Annelore alipokuwa msichana, watu walimwambia mchezo huo ni wa wanaume, basi yeye na wenzake wachache wakawa wanasubiri wanaume watoke uwanjani ndipo waingie wao. Wanawake waliporuhusiwa kushindana, wengine walikuwa ndio kwanza wanajifunza. Yeye alikuwa tayari. Akawa bingwa wa nchi yake, halafu bingwa wa dunia. Katikati ya ubingwa huo na huu kuna siku moja ambayo hakuwa akiizungumzia. Alinipa mimi siku hiyo, asubuhi ile ya Januari, kwa sababu ya Désiré.

Désiré alikuwa rafiki yangu, Mkongo wa Uvira. Tulikaa nyumba moja ya mbao kule West Side ya Buffalo, yeye chini, mimi juu, na tulikuwa tunasikiana hadi kukohoa. Majira yale watu wetu walikuwa wanahama kama ndege. Mmoja akipata kazi Columbus, kanisa zima linajua kabla ya ibada kwisha, na Jumamosi inayofuata familia kadhaa zinafunga magodoro. Kisha habari inakuja kwamba Louisville ni bora kuliko Columbus, na wale wa Columbus nao wanafungua milango ya magari. Huo ndio ulikuwa utaratibu wetu wa kutafuta kazi: kuangalia taa za nyuma za gari la mwenzako.

Désiré alikuwa ameitwa na binamu yake kwenye ghala moja la Louisville.

"Bon, weye unangoja nini?" aliniambia. "Kule kazi iko mingi, baridi iko kidogo. Batu yote banaenda. Utabakia huku kufanya nini, kukula theluji?"

"Na shule yangu?"

"Shule ya frigo? Mu inchi yenye inje yote ni frigo?"

Frigo kwao ndiyo jokofu. Nilicheka hadi nikakubali. Tukapanga kuondoka Jumamosi.

Basi asubuhi ile nilimaliza theluji, nikaingia, nikavua buti, nikamwandalia Annelore kahawa na yangu pia, nikamwambia kwamba wiki ijayo ataletewa mtu mwingine. Nilimweleza vizuri sana. Désiré amesema hivi, binamu yake Désiré ana hiki, Désiré ameona vile. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akikunja na kukunjua goti.

"Huyo Désiré nimemfahamu sasa," alisema. "Hata usoni naweza kumchora. Wewe unakwenda kufanya nini?"

"Kazi ya ghala. Kama yeye."

"Na ule ufundi?"

"Désiré anasema..."

"Sikumuuliza Désiré!"

Hakuwahi kunipazia sauti kabla ya hapo. Akaonyesha bunduki kwa fimbo yake, akaniambia nikae. Maneno yake nayatafsiri, alizungumza Kiingereza chenye kokoto za Kijerumani, lakini maana sijaipunguza.

Alikuwa kwenye mashindano makubwa ya dunia, kabla hajawahi kuyashinda. Kulikuwa na Mnorwei mmoja aliyekuwa amemshinda msimu mzima. Annelore alijua kila kitu cha yule mwanamke: anakula nini asubuhi, anapaka nta gani kwenye skii zake, anavuta pumzi vipi kabla ya kufyatua. Siku hiyo waliingia pamoja kulenga kwa mara ya mwisho, wamesimama bega kwa bega, na nyuma yao hakuna aliyekuwa karibu. Kila mlengaji ana mstari wake wenye namba, na ng'ambo ya uwanja, mbele ya kila mstari, kuna vibao vyake vitano vyeusi. Ukikipiga kibao, kinaanguka na kufunikwa na cheupe.

"Nilimtazama alivyotanua miguu," alisema, "nikatanua hivyo hivyo. Nilitazama mtutu wake unaelekea wapi, nikaelekeza wa kwangu huko huko. Kisha nikawahi. Vitano, moja kwa moja, yeye hajafyatua hata risasi moja. Vyote vikawa vyeupe. Sijawahi kulenga vizuri vile maishani mwangu."

"Ukashinda!"

"Vilikuwa vibao vyake."

Sikuelewa. Ilibidi anichoree kwa kidole juu ya meza, mstari wake hapa, wa Mnorwei pale.

"Vyangu vilikuwa vyeusi vyote," alisema. "Nilikimbia kutoka uwanjani nimeinua mkono kama bingwa, nikashangaa mbona watu kimya. Kocha wangu alikuwa pembeni anapiga kelele: 'Zunguka! Zunguka!' Nikadhani amechanganyikiwa. Kumbe kila risasi ilihesabiwa nimekosa. Nikazunguka kizingo cha adhabu hadi nikakijua kila kibonde chake. Wasichana niliowafundisha kufunga skii wakanipita."

"Na yule Mnorwei?"

"Walimrudishia vibao vyake, akalenga, akashinda."

"Hakukucheka?"

"Hapana. Alikuwa na adabu. Ningekuwa mimi, ningecheka."

Magazeti ya kwao yalisema asahau mchezo huo. Alirudi nyumbani, akaacha kumchunguza Mnorwei. Akajizoesha jambo moja dogo. Kila alipoingia uwanjani, kabla hajashusha bunduki mgongoni, alitazama namba ya mstari wake, akaitamka kwa sauti. Wenzake walimtania, wakamwita mwalimu wa hesabu. Msimu uliofuata aliitamka namba yake huku Mnorwei yuleyule akiwa kando yake, akaangusha vibao vyake mwenyewe, akawa bingwa wa dunia.

"Sasa wewe," akaniambia. "Namba yako ni ipi?"

Nilikasirika. Nilimwambia mimi si mwanamichezo, mimi ni mkimbizi anayetafuta maisha.

"Mbele ya gereji bado kuna theluji," alisema. "Nenda."

Nikaenda. Nilichota theluji ile kwa hasira, na hasira ilipokwisha nikabaki na swali. Ikanijia picha ya duka moja la West Side, la mama wa Kirundi aliyeuza samaki wakavu, muhogo na nyama ya mbuzi. Wiki chache nyuma friza lake lilikufa, na fundi aliyepigiwa simu akasema angefika keshokutwa. Mimi nilikuwa nimeingia kununua unga tu. Nililivuta friza lile, nikalala sakafuni nyuma yake, na nilipoinuka lilikuwa linanguruma, yule mama anapiga vigelegele mbele ya wateja, na unga wangu nimeusahau kaunta. Hakuna aliyenituma wala niliyekuwa ninamwiga. Palepale mbele ya gereji, beleshi mkononi, niliitaja namba yangu, majokofu, kwa sauti, kwa Kirundi, ili majirani wasidhani nimerukwa na akili.

Jumamosi Désiré alipiga honi chini ya dirisha. Gari lilikuwa limejaa, godoro limefungwa juu kwa kamba, na ndani kulikuwa na vijana wengine wawili wa kanisani. Nilishuka bila begi.

"Bon, begi iko wapi?"

"Sendi, Désiré."

"Huendi? Juu ya ile mumama ya bunduki?"

"Kwa sababu ya shule."

Aligeuka akawaambia wenzake, "Mumuone mzee ya diplôme! Atakula makaratasi!" Wakacheka hadi gari likatikisika. Kisha akashusha kioo zaidi, akawa hacheki. "Ndugu yangu, utakufa na baridi huku."

"Baridi ndiyo kazi yangu," nilimjibu.

Jibu hilo nalipenda hadi leo. Lakini gari lilipokata kona nilikaa kwenye ngazi za ile nyumba muda mrefu, na ile sakafu ya chini bila kikohozi chake ilikuwa na kimya kibaya. Usidhani kuitaja namba yako kunakuja na ngoma.

Diploma niliipata. Annelore alikuja kwenye sherehe kwa magoti yake mapya, akakaa mstari wa mbele bila kuulizwa na mtu.

Na Désiré, je? Hapa ndipo wasimuliaji wengi wangekuambia alipotea. Hakupotea. Kabla sijarudi nyumbani nilimtembelea Louisville. Alianza kwa kubeba maboksi, akaendesha foklifti ya kuinulia mizigo, sasa ndiye msimamizi wa zamu nzima, na Jumapili anaongoza kwaya. Alinikaribisha kwa ugali na sambaza, dagaa wa kwao, akaniambia, "Miye napenda ile makelele ya foklifti asubuhi. Weye ungelilia." Kweli ningelia. Vile vilikuwa vibao vyake, na alivipiga vyote. Vingekuwa vya jirani kwangu mimi tu.

Sasa nikuambie kwa nini nimeandika. Mpwa wangu Innocent, mtoto wa dada yangu, anaishi Gahanna, kando ya Columbus. Anasomea uuguzi na anafanya kazi katika nyumba ya wazee. Nimewahi kumwona akiwa kazini: kuna babu mmoja pale asiyekubali kula kwa mkono wa mtu mwingine ila Innocent, hata wa binti yake. Wiki iliyopita Innocent alinipigia simu. "Mjomba, naacha shule. Nakuja Rumonge kufungua vyumba vya baridi, kama wewe."

Nilivimba, mwanangu. Nilimwambia mke wangu, nikawaambia mafundi wangu, nikamwambia hata muuza mkaa: mnaona, kijana wa Amerika anaacha Amerika ili awe kama mimi. Kesho yake nilipofungua chumba cha kwanza, ile hewa ya baridi ilinipiga usoni kama asubuhi ya Kenmore, nikamsikia mwanamke wa Kijerumani akiniuliza swali lake. Tangu kijana anipigie, hajazungumza nami habari za majokofu. Amenizungumzia mimi: gari langu, nyumba yangu, watu wanavyonisalimia sokoni.

Kwa hiyo, Innocent, na wewe mwingine yeyote unayenitazama miguu ili utanue yako vivyo hivyo, sikiliza. Mimi ni mtu wa kutazamwa, sikatai. Lakini vibao vyangu nimeshaviangusha mwenyewe, na hata ukivipiga vyote bila kukosa, mbele yako vyako vitabaki vyeusi, na utakwenda kuzunguka peke yako wakati wenzako wanakupita. Kabla hujashusha mzigo mgongoni, tazama ulipo na kitu ambacho mikono yako inakifanya bila kutumwa. Kitaje kwa sauti. Ukikitaja kikawa majokofu kweli, njoo, funguo za chumba cha pili ni zako. Kikiwa ni yule babu na kijiko chake, kaa Gahanna umlishe, na mimi nitajisifu sokoni kwa hilo pia.

Mungu akutulize moyo unapofika mbio mahali pa kulenga. Akupe jicho la kuona namba yako na sauti ya kuitamka hata wanapokucheka garini. Na siku utakapoinua mkono juu, viwe ni vibao vyako vilivyoanguka.