Amina Iliyochelewa

Leo nasimulia nikicheka, lakini siku ile, jamani, ningeona shimo la kobalti karibu ningejitupa humo.

Nimetoka zamu ya usiku mgodini Kingamyambo, macho yanawaka, na nyumbani Dilala wageni wameshakaa: wazazi wa kijana anayetaka kumwoa binti yetu Ngalula, wamekuja kula kwetu mara ya kwanza, kututazama kama tunafaa kuwa ndugu zao. Bukari, ugali wetu, mezani, sombe ya majani ya muhogo, samaki, na mimi baba wa nyumba ndiye wa kubariki. Ningesema sala fupi yakaisha. Hapana, nikataka nionekane mtu wa kina.

(Kosa lilitokana na mazungumzo yangu na Lin, Mchina fundi wa pampu zetu, Mbudha, anayekaa kutafakari kila mapumziko. Aliniambia hakuna kitu kinachosimama chenyewe, hata hii “mimi” yangu ni tupu. Nikamwambia padri wetu naye anafundisha kusali bila maneno, mtu ajitoe moyoni ili Mungu apate nafasi. Tukaona tunakaribiana, ila yeye katika nafasi hiyo hamngojei yeyote aingie.)

Basi nikasema: “Batata na bamama, leo bila maneno. Tufunge macho, tutoe yote mu roho, tubakie batupu mbele ya Mungu.”

Nikatoa kweli: nikatoa zamu, nikatoa mgongo unaouma, nikatoa kelele za mashine, na nafasi ilipopatikana tu, usingizi ukaingia wa kwanza.

Na kwetu, ugenini kwa wakwe, nani afumbue macho kabla aliyeanza sala hajasema amina? Wakangoja. Sombe ikapoa. Nikaanza kukoroma, na mama wa kijana, akidhani Roho amenishukia, kila mkoromo akaujibu: “Amen, Yezu!”

Mke wangu akanikanyaga. Nikaruka, nikapiga kelele: “Fungeni pampu!”

Ngalula akakimbilia jikoni analia: “Papa, umeniharibia!”

Baba wa kijana akanitazama, nikajua ndoa imekufa.

“Tata,” akasema, “mi tumbo yangu iko tupu tangu kitambo. Sema tu amina, tukule.”

Wakala bukari baridi, wakaomba nyongeza, ndipo roho yangu ikatulia. Tangu hapo mbele ya wageni nasali kwa sauti, wima, macho wazi.

Nilipomsimulia Lin hakucheka, aliuliza tu kama nililala vizuri. Nililala vizuri, ndugu zangu. Mwaka mzima sijalala vile.