Boti Iliyongoja Maombi

Mpishi wa kanisa hakuwa mtu wa kuomba kwa kifupi. Akishaanza, alimtajia Mungu wagonjwa, wajane, wafungwa na hata majirani waliomsengenya, kila mmoja na shida yake, huku chai ikipoa mezani na wenye njaa wakimeza mate. Watu walimtania kwamba hata shetani akimsikia huvuta kiti akae. Lakini mafuriko yalipokuja na kanisa likageuka kambi ya uokoaji, utani uliisha. Boti ya kwanza iliondoka bila yeye kuiombea, ikapinduka. Tangu hapo dereva wa boti aliapa hawashi injini mpaka mama huyo aiwekee mkono na kuomba. Maombi ya mchungaji, alisema, yanatosha kwa ibada ya Jumapili.

Asubuhi moja mpishi alikuwa akikoroga uji wa waliookolewa simu ilipolia. Alikuwa binti yake, mtoto wake wa pekee.

"Mama, tuko juu ya paa la zahanati, mimi na mtoto. Maji yanapanda. Ukuta unatikisika, mama!"

Simu ikakatika. Mwiko ukamtoka mkononi. Alikimbia hadi ukingoni mwa maji, akamkamata dereva shati.

"Mwanangu yuko zahanati! Na mjukuu wangu!"

"Namalizia kuweka mafuta tu, mama. Tunaanzia huko huko."

Sasa afanye nini? Kuogelea hajui, kukaa hakukaliki. Miguu ilimpeleka stoo ya chakula, akajifungia, akapiga magoti katikati ya magunia. Alibembeleza, akalia, akaahidi, akajitoa yeye achukuliwe badala ya binti. Kila alipotaka kuinuka, hofu ilimrudisha chini: labda bado hajaomba vya kutosha.

Hatimaye alifungua mlango, macho yamevimba, na kitu cha kwanza alichokiona ni boti. Ilikuwa palepale. Mafuta yamejaa, kamba zimepangwa, dereva ameketi na kofia mapajani. Mchungaji na wengine walisimama kimya, wameinamisha vichwa.

"Mbona hamjaenda?"

"Tulikuwa tunakungoja wewe, mama," dereva alisema. "Nilitaka kugonga, mchungaji akasema tusikukatize, uko mbele za Mungu."

Mpishi alipiga yowe. "Nendeni! Jamani, nendeni!" Aliingia majini mpaka kiunoni akiisukuma boti kwa mikono miwili, akimsukuma hata dereva aliyekuwa bado anababaika. Iliondoka bila maombi yoyote.

Ilirudi salama. Walikuwemo watu wa kwenye paa, na muuguzi wa zahanati alikuwa amempakata mjukuu, aliyefungwa kwa kitenge cha mama yake. Mpishi alitazama uso mmoja mmoja, akarudia tena tangu mwanzo.

"Ukuta ulianguka upande wake," muuguzi alisema bila kumtazama. "Alinirushia mtoto. Tulikuwa tumeshaanza kusikia injini, mama. Tulikuwa tunaisikia."

Mpishi alimpokea mtoto. Hakuna aliyemlaumu mwenzake, na hilo lilimuuma zaidi, maana hasira yake haikupata pa kutua isipokuwa kwake mwenyewe. Alimwomba Mungu amwokoe binti yake, na waokoaji wakakaa kumsikiliza.

Mara mtu akaja mbio: kuna watoto juu ya paa la shule. Dereva akaruka botini, kisha, kwa mazoea tu, akavua kofia akasubiri. Wengine nao wakainamisha vichwa.

"Washa," mpishi alisema.

"Lakini mama, bila..."

"Washa! Nitaomba ukiwa njiani."

Injini ikanguruma, boti ikaondoka. Aliisindikiza kwa macho mpaka ikapotea, akiwaombea wale watoto kwa sauti iliyokauka. Kisha akakaa chini kwenye matope, mjukuu kifuani, akaanza kumwita binti yake kwa jina.