Herufi za Mti wa Mpera

Watu wa Santa Rufina watakwambia kosa lilikuwa la Nepomuceno. Waongo wakubwa. Kosa ni langu, mimi Eleuterio, mbandikaji wa matangazo ya vifo.

Nepomuceno Arboleda ndiye aliyekuwa mchapaji wetu wa pekee. Kwetu mtu akifa, jina lake hubandikwa ukutani ndani ya fremu nyeusi. Kabla ya hapo, hata daktari aseme nini, ni maneno tu. Basi mchwa walipomaliza herufi zake za mbao, alikaa miezi mitatu akichonga mti wa mpera. Hakuchonga herufi hata moja. Alichonga vipande vya namna tatu: mraba, pembetatu na robo duara. Miraba ukiisimamisha, ubavuni ukaweka robo duara mbili, tayari una D. Herufi yoyote ilitoka humo. Nikamwambia amerudi utotoni.

"Ngoja uone," akasema.

Ikabaki kujaribu. Alitaka jina lenye mikunjo na kona, alipange ndani ya ile fremu nyeusi. Mkewe Edelmira, mwanamke asiyejua woga, akamwambia, "Panga jina langu."

"Ndani ya fremu ya maiti?"

"Kwani inauma?"

Akachapa karatasi sita, akazitundika zikauke, akaenda kunywa kahawa. Nikaja mimi na haraka zangu, nikijua kuna mzee wa mlimani aliyefariki. Nikaona fremu, nikahesabu sita kama kawaida, nikazichukua, nikazibandika mjini. Mimi majina siyasomi. Ukisoma kila jina, kazi hii itakumaliza.

Saa nne watu wakafika kwa Edelmira na tamale za moto, ile mikate ya mahindi ya matanga. Alifungua mlango mwenyewe, anacheka. Wakampita. Wakampa Nepomuceno mkono wa pole, wakaketi kusali.

"Jamani, si mimi huyu hapa?"

Jirani yake wa miaka thelathini akasogeza kiti, kama anayekwepa upepo.

Tangazo la kifo halibanduliwi kwetu. Mvua ndiyo hulitoa. Na kilikuwa kiangazi. Sokoni muuza mayai hakumwona. Kanisani padri alimruka na komunyo. Akaanza kukonda, sauti nayo ikawa inafifia. Niliogopa, sikufichi. Siku ya kumi na tano nilimkuta kizingitini, mumewe nyuma yake.

"Eleuterio, unaniona?"

"Nakuona, mama." Lakini macho yangu yalikuwa mlangoni, si usoni pake, na Nepomuceno aliliona hilo.

Akaingia ndani, akalivunja jina la mkewe kipande kwa kipande, akapanga jingine. Jioni ile akaniletea karatasi sita.

"Bandika juu ya zile."

Safari hii nilisoma. Lilikuwa jina lake mwenyewe.

"Bwana we, usinitie kwenye hili."

"Wewe ndiye uliyenitia. Bandika."

Nikabandika. Gundi haijakauka, muuza mayai akamkumbatia Edelmira, "Pole, mama. Pole sana." Watu wakamjaa. Yeye analia, anawasukuma, anawaonyesha kando, alikosimama mumewe na kofia mkononi. Hakuna aliyegeuza shingo.

"Asante, Eleuterio," Nepomuceno akasema.

Niliisikia sauti yake, tena karibu sana. Nikageuka nimjibu, nikaona ukuta.